Kikanyagio cha Kushoto

Baba Laras,

Saa kumi na mbili asubuhi tairi la nyuma la skuta lilikuwa halina upepo. Fundi, Mzee Tukiman, ameweka jipya. La zamani litupe. Laras mchukue shuleni, asimame mbele kama kawaida. Tempe ya soya ya chakula cha mchana imo kabatini.

Jana ulisema umekwenda harusini peke yako. Kikanyagio cha abiria cha kushoto kilikuwa kimeshushwa, cha kulia hakijaguswa. Mimi huvaa suruali, hukanyaga vyote viwili. Mzee Tukiman alicheka: "Mama Laras, siku hizi unapakiwa kiupande, umejifunga saruni kama mwali?"

~~Ni yule Endah wa ofisini kwenu?~~ Sitauliza jina.

Skuta nimekuachia. Vikanyagio vyote viwili nimevifunga kwa waya. Nimevivuta, havishuki.

Mama Laras