Kiti Kimoja cha Ziada

Mwaka mzima umepita sasa, Baba, tangu ulipoiweka randa juu ya meza ukasema unajinyoosha kidogo, na hukuamka tena.

Wengi walikuita Fundi Vipimo, maana ukimtazama mtu mara moja tu ulijua kiti chake kiwe na kimo gani. Karakana yako ndiyo ilikuwa kanisa, wakati dhehebu letu lilipokuwa na waumini sita tu katika nchi hii ndogo, ambao wangeenea kwenye benchi moja. Wewe ukapanga viti saba. Mchungaji alipokuuliza, ukamjibu, "Atakayekuja Jumapili ijayo akae wapi?" Akaja mtu. Ukachonga cha nane. Ndivyo kanisa lilivyokua, kiti kwa kiti, hadi likahamia jengo lake ng'ambo ya barabara.

Mama tu ndiye uliyemkosa. Miaka thelathini alisimama mlangoni pa kanisa, mikono kifuani, akisubiri utoke. "Mimi niliolewa na fundi, sikuolewa na kanisa," alikuwa akisema. Ulicheka, lakini sisi wanao tunajua lilikuuma. Asubuhi ile ya mwisho ulituambia, "Mama yenu bado hajakaa."

Tulikuzika, tukaifunga karakana kwa kufuli, na ufunguo Mama akauvaa shingoni. Jumamosi iliyofuata, saa nane mchana, tukasikia randa. Tulikwenda wote watatu, Mama akafungua. Hapakuwa na mtu. Maranda yalikuwa mapya sakafuni, bado yananukia, na katikati yake kiti. Tulikivusha barabara hadi kanisani. Kesho yake muuza mkaa, ambaye hakuwahi kukanyaga kanisani, aliingia akakikalia kana kwamba ameonyeshwa.

Wiki iliyofuata ikawa vivyo hivyo, na zilizofuata pia. Mwanzoni tuliogopa, halafu, Mungu atusamehe, tukazoea. Mama akawa anapika mapema kila Jumamosi ili asikukose.

Wiki tatu zilizopita tulikuta kiti kifupi, chenye ubao wa kuwekea miguu. Mama alikizunguka mara mbili.

"Huyu amenipima lini?" akauliza.

Jumapili alivuka ule mlango, akakaa. Miguu yake ilifika. Alilia, nasi tukalia.

Jumamosi iliyofuata karakana ilikuwa kimya. Iliyopita pia. Mama alikaa kizingitini na ufunguo mkononi tangu saa saba hadi giza likaingia. Anasema angejua utanyamaza, angesimama mlangoni miaka thelathini mingine.

Unakumbukwa na mkeo. Na sisi wanao wawili. Na wakwe zako, wajukuu zako watano, mchungaji wako, na wote wanaokalia viti vyako, muuza mkaa akiwamo.

Hutatutoka moyoni daima, Baba. Kufuli tumeliondoa.