Pete ya Fransiska Ilipogeuka Nyeupe

Malangali, Sumbawanga
3 Mei 1992

Mpwa wangu Herieth,

Pokea salamu, nyingi kama ulezi wa Mpui mwaka wa neema. Sisi wazima, wasiwasi ni kwako huko Dar kwenye joto na mbu.

Mjomba wako sasa ni mtu, mama. Tangu serikali iseme kila mtu ruksa kuuza dhahabu, nilisema mimi siachwi. Nimerudi kutoka machimbo ya Mpanda na magunia manne ya mchanga. Kule shimoni nilikutana na chatu, tukatazamana, akainamisha kichwa akanipisha. Muulize Eustace, mchimbaji mwenzangu, tulikuwa wote, ingawa yeye alizimia.

Sasa kazi naifanyia jikoni kwangu. Naosha mchanga, natia zebaki, inakamata dhahabu yote kama polisi. Mke wangu Fransiska anakamua kwa kitambaa, maana mikono yake ina subira. Linabaki tonge jeupe. Naliweka kwenye kijiko juu ya jiko la mkaa, moshi unakwenda zake, dhahabu inabaki. Darasa la nne hilo!

Tatizo dogo tu. Kilabuni nilitamka kwamba nina dhahabu kama kichwa cha mbuzi. Sasa wanaume wanapitapita hapa nje, na Eustace yumo. Nimepigilia mabati madirisha yote. Fransiska naye hatoki, wasije wakamhoji. Halafu jambo lenyewe: ana mimba ya miezi minne! Miaka kumi na moja tumengoja.

Wewe huko hesabu gani hizo zisizoisha?

Mjomba wako, Oswaldi

---

Dar es Salaam
24 Mei 1992

Shikamoo mjomba,

Mimi mzima. Nimefurahi mno kwa habari ya mimba, nimeruka bwenini wenzangu wakanicheka.

Umeuliza ninasoma nini. Tunasoma kuunganisha makundi ya kihesabu. Chukua makundi mawili yenye sehemu moja inayofanana, uyagundishe pale tu. Swali ni kama kila moja litabaki zima ndani ya hilo jipya. Kwa makundi, jibu ni ndiyo, daima. Lakini zipo jamii nyingine za hesabu ambazo jibu huwa hapana: ukiunganisha, vitu vilivyokuwa mbalimbali vinasagana vinakuwa kitu kimoja, na huvipati tena. Wazungu wanaliita jambo hili kwa neno lilelile la tonge lako la zebaki na dhahabu: amalgam. Nilipoliona nikakukumbuka, kisha nikaogopa.

Mjomba, ule moshi hauendi zake. Ni zebaki yenyewe. Moto unaifukuza kutoka kwenye dhahabu, nayo inaingia vifuani mwenu na kuganda kwenye kuta. Kwa mwenye mimba inafika mpaka kwa mtoto. Ng'oa mabati. Mtoe Fransiska humo ndani.

Mpwa wako, Herieth

---

Malangali
21 Juni 1992

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi wazima, ila baridi ya Ufipa mwaka huu inanitetemesha mikono hata karibu na jiko.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Hayo makundi yenu ni ya waoga! Mimi zebaki nimeishika kwa viganja kama maji ya kunawa. Kung'oa mabati siwezi. Wakichungulia wataona, na nikishaonwa nimekwisha.

Ila umenisaidia bila kujua. Fransiska alikuwa anakamua na pete yake ya ndoa kidoleni. Imegeuka nyeupe. Amesugua kwa majivu, amesugua kwa mchanga, wapi! Analia, anasema ndoa imekufa. Sasa wewe umeandika moto unaifukuza zebaki. Basi nitaichoma pete pamoja na tonge la mwisho, moto mmoja, yeye akiwepo aone inavyorudi manjano. Asome na yeye!

Mjomba wako, Oswaldi

---

Dar es Salaam
6 Julai 1992

Shikamoo mjomba,

Usiichome pete. Sikuandika ili uichome. Kama lazima, iwe nje, mbali, Fransiska asiwepo. Nina mtihani mpaka tarehe 24, siwezi kutoka, nazunguka humu chumbani kama kuku aliyefungwa mguu. Barua hii nimempa utingo wa basi la Sumbawanga. Nijibu upesi.

Herieth

---

Sumbawanga, hospitali
19 Julai 1992

Herieth,

Mwandiko usiushangae, mkono haukai.

Barua yako imefika jana, basi lilikwama njiani. Pete nilikuwa nimeshaichoma Jumapili iliyopita. Fransiska alikohoa, akashika ukuta, akaanguka. Mlango nilikuwa nimeukomea, na vidole havikuweza komeo. Nikapiga kelele.

Waliong'oa mabati ni walewale niliowaogopa. Eustace alitangulia. Walimbeba Fransiska wakapita juu ya kijiko changu pale chini. Dhahabu yenyewe, mpwa wangu, ni kama punje ya hindi. Magunia manne. Waliiona, hakuna aliyeinama.

Pete imerudi manjano, ila ina vitundu vitundu. Kidole chake kimevimba, haiingii. Ameniambia niishike mimi.

Fransiska anapumua kwa shida, lakini anaongea. Mtoto alikuwa hachezi tangu siku ile. Leo asubuhi nesi ameweka kile chombo chake tumboni, akakisogeza huku, akakisogeza kule, kisha akasema amesikia moyo wa mtoto. Kesho atasikiliza tena.

Eustace yuko nje, ananiuliza habari. Nimemwambia bado hakuna habari. Habari ya moyo, wewe ndiye wa kwanza kujua.

Mjomba