Hodi kwa Chui Milia

Jumatatu, 13 Januari 1969
Nimefua. Nguo zimeganda kambani kwa baridi hii ya Waingereza, suruali ya Anwar imesimama kama ubao. Kiwandani nimeshona mifuko ya makoti mpaka vidole vikafa ganzi. Binti yetu Shirin kanijibu Kiingereza tena. Anwar karudi ananuka nyama mbichi. Nimemwambia aoge kabla hajamgusa mtoto. Mwanamume aliyekuwa akinukia udi dukani kwake Mombasa!

Bado siamini kazi aliyoipata. Tajiri wa yadi ya vyuma chakavu alimuuliza katoka wapi. Afrika. Basi wanyama unawajua. Mume wangu, muuza kanga, akasema ndiyo. Simba anayemjua ni wa kwenye picha ya kibiriti. Na mnyama mwenyewe wala si simba. Ni chui milia, jike, kanunuliwa kwenye sarakasi iliyofilisika ili awatishe wezi. Afrika nzima hakuna chui milia hata mmoja. Tajiri hajui. Anwar naye hakumwambia, maana alikuwa amekaa sana bila kazi.

Jumapili, 19 Januari
Nimepelekwa kumwona. Yadi iko hapa hapa Ilford, nyuma ya reli. Tundu lina vyumba viwili. Nyuma analala, mbele anakula, katikati mlango wa chuma unaopandishwa kwa mnyororo. Anwar anamwita Bibi. Anaweka nyama chumba cha mbele, anatoka, anavuta mnyororo, kisha anasema "Hodi!" Bibi anakuja taratibu, kichwa kama sinia ya pilau. Bila hodi hatoki, hata mlango ukiwa wazi. Anwar kamfunza mwenyewe na anaona fahari. Ati ana adabu kuliko majirani zetu.

Nimemtania kwamba kaniletea mke mwenza. Lakini nimeogopa, wallahi nimeogopa. Yale macho hayakuwa yanamtazama Anwar usoni. Yalikuwa yanamtazama shingoni.

Jumatano, 29 Januari
Bibi kaua mbwa wa yadi. Maskini alipitisha mguu kwenye nondo kunyakua mfupa. Anwar anasema hakukuwa na kelele nyingi. Kamzika mwenyewe, kachimba kwa mtaimbo maana ardhi imeganda. Hakula. Nimemwambia aache kazi. Kauliza tutakula nini. Tumenuniana.

Jumamosi, 1 Februari
Mama kafika! Mamake Anwar, kutoka Mombasa. Nimelia uwanja wa ndege kama mtoto. Kaleta halwa, bizari, na kanga mpya ambayo sijui nitaivaa wapi kwa baridi hii. Tumekubaliana asijue habari za Bibi. Presha yake iko juu. Tumemwambia mwanawe ni mtunza stoo. Tulipopita na basi Anwar kamwonyesha geti la yadi, na Mama akaliombea dua. Geti!

Alhamisi, 6 Februari
Mama anapiga hodi kila mlango. Dukani, hodi. Kwa daktari, hodi. Leo kwa jirani Mwingereza, kasimama kwenye theluji akingoja kuambiwa karibu. Yule jirani kachungulia dirishani, hajui aseme nini. Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Mama hakucheka. Anasema yeye haingii kwa watu kama mbuzi.

Sasa Shirin naye anapiga hodi mpaka chooni. Angalau ni Kiswahili.

Jumanne, 11 Februari
Mlango wa chuma umekwama juu kwa barafu. Haushuki. Tajiri anasema fundi atakuja kesho, na kesho yake haifiki. Anwar anasafisha chumba cha mbele hivyo hivyo, mlango wazi, Bibi kalala nyuma. Ati hatoki bila hodi. Nimempigia kelele. Nimemwambia mnyama ni mnyama, siku moja atatoka tu. Tukanyamaza, maana Mama alikuwa jikoni. Kaniahidi. Fundi asipofika mpaka Ijumaa, anaacha kazi.



Ijumaa, 14 Februari
Mkono wa Anwar. Wa kulia. Wameukata juu ya kiwiko.

Yu hai. Alhamdulillahi, yu hai.

Jumapili, 16 Februari
Leo naweza kushika kalamu.

Mama alipika biriani ya Ijumaa. Akamwonea mwanawe huruma, kushinda na mkate mkavu. Mimi niko kiwandani, Shirin shule. Akafunga bakuli kwa kitambaa, akaenda peke yake. Geti lilikuwa wazi lakini hakuingia. Akasimama nje, akapiga hodi kwa sauti yake ile ya kusikika mtaa wa pili. Hakuitikiwa. Akapiga tena. Ndipo akasikia mayowe.

Anwar alikuwa ndani na ufagio. Bibi alisikia hodi, akaja kula.

Wafanyakazi walimtoa Anwar kwa mitaimbo na maji ya bomba. Polisi wakampiga Bibi risasi.

Kila mgeni anayekuja kutupa pole, Mama anamsimulia. Nilipiga hodi tu, nikangoja, kisha nikamsikia mwanangu analia. Akifika hapo, mimi naenda jikoni.

Jumanne, 18 Februari
Anwar kaamka vizuri. Neno lake la kwanza: "Usimwambie Mama." Nimeapa. Tutasema mlango uliharibika. Si uongo, uliharibika kweli.

Nina hasira. Na tajiri, na Anwar, na mimi mwenyewe niliyeficha. Kwa Mama siwezi. Nilitaka nifurahi kwamba yule mnyama kafa, nikashindwa. Aliitwa, akaja.

Jumamosi, 22 Februari
Mama kauliza kama yule mnyama alikuwa na jina. Nimesema sijui.

Jumapili, 9 Machi
Anwar karudi nyumbani jana. Mkono wa sweta nimeukunja na kuufunga kwa pini. Kula kwa kushoto anaona haya, maana tangu utoto kafunzwa mkono huo si wa chakula. Mama anamlisha kwa mkono wake, tonge kwa tonge. Mwanamume na ndevu zake. Nageuza uso.

Asubuhi hii Mama kaleta uji. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, pazia tu. Lakini Mama ni Mama. Kasimama nje ya pazia.

"Hodi!"

Anwar kanikamata mkono, kucha zikaniingia. Jasho likamtoka usoni. Mama akangoja. Haingii mpaka aitikiwe. Akapiga ya pili, pole pole, sauti ya mtu mwenye wasiwasi. Nikafungua kinywa nimwitikie mimi. Anwar akatikisa kichwa. Akaitikia mwenyewe.

"Karibu, Mama."

Kaingia na bakuli, kaketi kando ya kitanda. Kamfuta uso kwa ncha ya mtandio. Kaniuliza mbona mwanawe anatoka jasho na chumba ni baridi hivi.

Nimesema ni dawa.