Goti, Mnara na Mapazia ya Ngazini

Mshauri, salamu nyingi, naomba msaada, lakini kwanza tuelewane: mimi si mtu wa kuomba ushauri, watu ndio huja kuniomba mimi, na kama ungekuwa jirani yangu nawe ungeshakuja. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo usitafute nukta kwenye barua hii, zitie mwenyewe, ndiyo kazi unayolipwa.

Mimi ni mshona mapazia. Sijasema fundi wa nguo, nimesema mshona mapazia, maana suruali ikikosewa anajua aliyeivaa peke yake, lakini pazia likikosewa mtaa mzima unaona. Nimekanyaga cherehani tangu binti yangu yuko mgongoni, leo binti yangu naye ana binti, na huyo mjukuu ndiye aliyeniletea balaa, balaa jema lakini balaa. Amemaliza mafunzo ya umeme, amepata kazi ya kweli, ya kupanda nguzo na kofia ngumu kichwani, na mwezi ujao anahamia huko kazini, mbali, si kwa kwenda na kurudi. Sasa anasema kabla hajaondoka anataka siku moja nzima na bibi zake wawili, mimi niliyemzaa mama yake na yule aliyemzaa baba yake, atupeleke kwenye ule mji wa kale wenye ngome na mnara, tuondoke hapa mji mkuu asubuhi na jioni turudi, na kiongozi wa kutueleza mambo. Mji huo nausikia tangu utoto na sijawahi kuutia machoni, nilikuwa nashona.

Akaja na karatasi mbili zenye picha, akaziweka juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa. Moja ni ya basi kubwa, watu tele, kiongozi anaongea kwenye kipaza sauti na wewe unashuka pale basi linaposimama. Nyingine ni gari dogo, watu wanane, halafu ni miguu tu, vichochoro vya mawe, soko la zamani, ngome, na mwisho kupanda mnara mpaka juu kabisa. Akasema, "Bibi, wewe ndiye mkubwa, chagua wewe." Mtoto ana adabu. Kabla sijafungua mdomo yule bibi mwenzangu, aliyekuwa amekuja naye, akadakia, "Gari dogo! Mimi lazima nifike juu ya mnara. Sijui mwenzangu kama ataweza."

Mshauri, unaijua hiyo "sijui mwenzangu"? Ilinichoma kuliko pasi. Huyu mama tunakwaruzana tangu harusi ya watoto wetu. Mimi nakaa ghorofa ya tatu, ngazi za jengo letu zina dirisha kila zinapokata kona, na mapazia ya madirisha hayo yote nimeyashona mimi, bure, kwa heshima ya jengo. Sasa yeye akija kwangu haji kama watu. Anasimama dirisha la kwanza, anashika pazia langu, anageuza upindo, "Hm." Anapanda, anasimama dirisha la pili, anageuza upindo tena, "Hm, huu uzi." Mpaka afike mlangoni kwangu chai imepoa na mimi ndiye ninayechemka. Miaka yote hiyo anatafuta kosa kwenye mshono wangu na hajalipata, na hatalipata.

Kwa hiyo nikamjibu, "Niweze? Nitakutangulia, nifike juu nikusubiri na chupa ya maji!" Mjukuu akapiga makofi, "Basi nalipia gari dogo!" na akalipia hapo hapo kwenye simu, vijana wa siku hizi hawana hata muda wa mtu kujuta. Na hapo ndipo nilipolikumbuka goti.

Ni goti la kulia, la kukanyagia cherehani. Hakuna anayelijua. Mbele za watu natembea kama askari, nikishafunga mlango natembea kama meza yenye mguu mmoja mfupi. Hata ngazi zangu mwenyewe nazipanda kwa akili, kila kona nasimama na kikapu changu najifanya natafuta ufunguo, jirani akipita namwambia huu ufunguo utanitoa roho, naye anacheka anaenda zake.

Lakini mimi si mjinga. Nikasema nikajipime kwanza. Nikamuaga binti yangu kwamba naenda kumjulia hali mteja wangu mgonjwa, nikaenda kupanda lile basi kubwa, peke yangu, na mkoba wangu na miwani yangu, nikakaa mbele kama mwenye basi. Kiongozi ni kijana mwembamba, sauti kama redio, anatuambia mfalme fulani alikaa hapa, mfalme mwingine akamfukuza akakimbilia kule, na mimi naangalia madirisha. Mshauri, madirisha ya mji ule! Marefu, membamba, yana nakshi, na hakuna hata moja lenye pazia la maana. Kisha basi likasimama mbele ya mnara, tukaambiwa anayetaka kupanda apande.

Nikapanda. Ngazi za mawe, zinajizungusha kama konokono, hakuna pa kushika. Nikafika kijidirisha cha kwanza goti likalia, na si mimi tu niliyelisikia, bwana mmoja nyuma yangu aliuliza nini kimevunjika. Juu siendi, chini siendi, na watu wamejipanga nyuma yangu kama foleni ya benki. Nikashuka kwa makalio. Mimi! Ngazi moja moja, kama mtoto anayejifunza, watu wamejibana ukutani kunipisha, huyu "pole, bibi", yule "pole, bibi", nilipofika chini nilikuwa na pole za kutosha msiba mzima.

Mama anayekata tiketi pale mlangoni akanipa kigoda. Nikakaa. Sasa hili usimwambie mtu, lakini sijawahi kupumzika vizuri namna ile. Kivuli, upepo, mji mzima unapita mbele yangu, wachumba wanagombana kwa kunong'ona, mabwana wazima wamevaa kofia za ajabu, na yule mama wa tiketi ana habari za kila mtu, tulicheka mpaka nikalisahau goti, na kabla sijainuka nilishampimia kwa macho pazia la kibanda chake. Kijana aliposhuka na watu wake akanikuta nacheka, akasema kwenye kipaza sauti, "Jamani, msalimieni Malkia wa Mlangoni!" Watu wote wakanipigia makofi, nami nikawapungia mkono, ningefanyaje.

Nimerudi nyumbani, binti ananiuliza, "Mgonjwa hajambo?" Nikamwambia, "Hajambo, anakula." Nikadhani yameisha. Juzi mjukuu ananionyesha kwenye simu picha ya kiongozi wetu wa gari dogo. Ni yule yule! Kumbe basi kubwa na gari dogo baba yao mmoja. Akiniona tu atapaza sauti, Malkia wa Mlangoni, mbele ya yule mama wa kugeuza upindo, na mjukuu wangu, siku yake ya mwisho na mimi, atajua kuwa bibi yake ni mwongo na tena hana goti.

Safari ni Jumapili ijayo. Nimefikiria niugue, lakini nikiugua yule mwenzangu atakuwa na mjukuu wangu siku nzima peke yake, na picha ya juu ya mnara ataitundika sebuleni kwake mpaka nife. Nimefikiria niiseme vibaya ile kampuni ili tubadilishe, lakini kijana wa watu hana kosa, tena anaongea vizuri. Nimefikiria nimtafute nimwambie anyamaze, nitampatia wapi? Niambie cha kufanya, na usiniambie niseme ukweli, huo najua ulipo, kama ningeutaka ningeshauchukua.

Jina langu usiliandike. Mjukuu wangu hasomi gazeti, anasoma simu, na yule mwenzangu gazeti kwake ni la kufungia sahani tu.

Ni mimi, Mshona Mapazia.

MSHAURI ANAJIBU:

Shikamoo, Bibi. Adabu nimeshaitanguliza, sasa niruhusu nikukaripie.

Kwanza pole ya goti. Najua pole unazo nyingi, hii yangu iweke juu ya zile. Na hongera ya mjukuu. Kijana anayepata kazi na jambo la kwanza analowaza ni bibi zake, huyo mmemlea vizuri, ninyi nyote wawili. Ndiyo, na yule mwingine.

Umenikataza nikuambie useme ukweli. Sawa, bado sijakuambia. Nakuuliza tu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nukta nimezitia kama ulivyoagiza. Unasema ukipanda ngazi zako unasimama kila kona na kikapu, unajifanya unatafuta ufunguo. Na mwenzako akipanda ngazi hizo hizo anasimama kila dirisha, anageuza upindo. Bibi! Wewe ambaye unaona mshono ulioruka kwenye pazia la nyumba ya ng'ambo, hili halikukugonga? Nani anakagua upindo ule ule miaka yote hiyo? Yule mama hatafuti kosa, anatafuta pumzi. Wewe una ufunguo, yeye ana upindo. Unisamehe kwa methali mbele ya mkubwa, lakini nyani haoni kundule.

Na ile "sijui mwenzangu kama ataweza" iliyokuchoma, isikilize upya. Mwenye magoti mazima hatangazi kwamba lazima afike juu, anafika tu. Alikuwa anaomba usiku na mchana useme "mimi siwezi" ili akae chini na wewe. Wewe ukamwahidi kumsubiri kileleni na chupa ya maji! Mdomo uliponza kichwa, na hapa umeponza magoti manne. Huenda hivi sasa naye yuko kwake anapanga kuugua Jumapili. Mkiugua wote wawili, mtoto wenu atapanda mnara na dereva.

Sasa fanya hivi. Usiugue. Kampuni ya watu usiisingizie. Gari dogo msilibadilishe, hilo ndilo lenu: basi kubwa lina saa zake na halimjui mtu, lakini gari la watu wanane mkisema "simama tupumue" linasimama, na kiongozi anawasikia bila kipaza sauti.

Halafu mwite mjukuu wako, si kwenye simu, aje akae hapo hapo kwenye meza ya kukatia. Mwambie habari ya goti, na mwambie habari ya kigoda. Ule uongo wa mgonjwa anayekula atauchekea kabla hujaumaliza. Unaogopa atakuona hufai kupanda? Bibi, huyu anapanda nguzo, wapandaji atawakuta kazini tele. Kwako hakuja kutafuta mpandaji, alikuja kutafuta bibi, na hao huko anakohamia hawapo.

Yeye ndiye aipigie kampuni simu. Aseme ana wazee wawili, watatembea polepole vichochoroni, na mlangoni pa mnara wawekewe vigoda viwili. Viwili, Bibi, si kimoja, usinifanyie ujanja hapo. Na hilo goti ukalionyeshe hospitali kabla ya Jumapili. Si pazia hilo, halifichi kitu, linazidi kuharibika.

Mkifika mnarani, hapo ndipo utakapoonyesha ukubwa wako. Usimtoe mwenzako siri. Usimwambie "nakujua wewe". Ulimi wako nimeusoma mwanzo hadi mwisho na mimi mwenyewe nauogopa. Kaa wewe kwanza, useme kwa sauti watu wasikie, "Goti langu limekataa, mwenzangu, kaa nami nisiwe peke yangu." Utaona atakavyokaa kabla hujafunga mdomo, tena atasema amekaa kwa ajili yako. Mwache aseme. Hiyo ndiyo zawadi yako kwake, na haikugharimu kitu ila kiburi, nacho unacho cha kugawa.

Mtoto apande peke yake. Akifika juu awapungie, nanyi mmpungie kutoka chini, wawili, mmekaa. Picha hiyo atahama nayo, na wala haitakuwa na mtu anayeshuka kwa makalio.

Kijana akipaza sauti, "Malkia wa Mlangoni!", usijikunyate. Mjibu, "Nimerudi, na leo nimekuja na mwenzangu."

La mwisho. Unasema mwenzako gazeti hulitumia kufungia sahani tu. Basi ongea na mjukuu leo leo, maana sahani nazo hufunguliwa. Na kwako wewe, bibi wa pili, ambaye umetoa sahani ukaona neno "upindo" moyo ukakupiga: shikamoo. Siku nyingine ukifika kwenye zile ngazi, liache pazia, halina kosa. Kaa hapo dirishani, ita juu kwa sauti, "Napumzika kidogo!" Mwenye nyumba anakijua vizuri hicho kituo, ni chake pia. Chai hataimimina mpaka ufike.