Yoiki ya Alfhild

Njárga, 8 Februari 2009

Dada Alfhild,

Hujambo huko Trondheim? Watoto na wajukuu hawajambo? Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo limeamua kuzeeka kabla yangu. Kondoo nao wazima. Theluji imefika madirishani, kila asubuhi nafukua ngazi kama mtu anayetafuta hazina.

Nimekupigia simu tangu Krismasi, hupokei. Nikasema basi, nitumie kalamu, kalamu haikatiki.

Nina neno moja na sitalizungushazungusha. Unaikumbuka yoiki yako, ule wimbo wa kukuimba wewe mwenyewe, aliyokutungia Mjomba Hemming, siku ile ulipopanda juu ya paa la zizi ukakataa kushuka? Mimi nilikuwa bado tumboni, lakini Mama aliniachia, na mpaka leo ninayo. Naiimba nikiwa nafuma, maana mwendo wake unafuatana na mkono. Sasa kuna binti mmoja wa ghuba ya pili, anaitwa Sire. Akifungua kinywa, hata mbwa hunyamaza. Anakusanya yoiki zetu sisi Wasami wa pwani ili aziimbe kwenye tamasha letu la Julai, kwa sababu watu wanadhani zetu zilikufa zamani. Alikuja kutazama blanketi akanikuta naimba. Akaniuliza, "Mama Henny, huyu unayemwimba ni nani?"

Nikamwambia, "Dada yangu."

"Mkaidi, siyo?"

Nilicheka mpaka nyuzi zikanichanganyikia.

Lakini yoiki ni mali ya anayeimbwa. Si ya mtunzi, wala si yangu mimi niliyeichunga. Bila ruhusa yako simpi. Unasemaje?

Kwenye soko la tamasha nitakuwa na meza yangu kama kila mwaka, kati ya mzee wa visu na yule mama wa viatu vya ngozi anayeongea mpaka wateja wanasahau walichokuja kununua. Mablanketi yapo, bado moja liko kwenye kitanda cha kufumia.

Nijibu, hata kama ni kwa kunigombeza.

Mdogo wako,
Henny


Trondheim, 15 Machi 2009

Henny mdogo wangu,

Salamu zako zimefika. Pole na goti. Lipake mafuta ya samaki na ulifunge kitambaa cha sufu, na uache kupanda ngazi za zizini kama kijana. Watoto hawajambo. Guro bado anafanya kazi makumbusho, Eirik yuko kwenye meli zake.

Niwie radhi kwa kuchelewa. Barua yako niliiweka nyuma ya saa, na kila nikipita naona kama inanikodolea macho.

Jibu ni hapana.

Usinielewe vibaya. Wewe ulikwenda shule ya bweni wakati mambo yamelegea kidogo. Mimi nilifika pale nikiwa sijui neno la Kinorwe, nikaomba maji kwa lugha ya Mama, mwalimu akanipeleka bombani si ninywe bali nioshe kinywa. Na wale vijana wa ghala la samaki, waliokuwa wakibana pua tukipita? Nilijiapiza kwamba wanangu hawatabaniwa pua na mtu. Wanajua natoka kaskazini. Inatosha. Mume wangu Kåre naye alikufa hajaniuliza zaidi, Mungu amrehemu. Wewe ulichagua kusimama, mimi nilichagua kuondoka, na kila mtu ana mguu wake.

Tena usidhani nazikataa simu zako. Masikio yangu yanakwisha, Henny. La kulia limekwisha kabisa. La kushoto nasikia kama mtu aliyezama ndani ya maji. Nimepewa kifaa ambacho kinafanya vijiko vilie kama kengele za kanisa, lakini maneno ya watu hakiyaleti. Daktari anasema mwakani huenda kusiwe na kitu. Watoto sijawaambia, wanadhani nimekuwa jeuri tu. Wewe pia usimwambie mtu.

Mwambie huyo binti kwamba juu ya paa la zizi kulikuwa na joto. Ndiyo maana sikushuka. Ukaidi ni maneno yenu.

Dada yako,
Alfhild


Njárga, 29 Machi 2009

Dada yangu mpenzi,

Unaendeleaje leo? Nimesoma barua yako nimesimama, kisha nikaketi nikaisoma tena. Pole sana. Pole kwa sikio na pole zaidi kwa kulibeba jambo hilo peke yako.

Sire nimemwambia hapana. Hakununa. Alisema, "Basi mimi sikuisikia," akanywa kahawa yake akaenda. Ndivyo walivyolelewa hawa wa siku hizi, wanajua kuheshimu wimbo wa mtu. Kuhusu joto la paa amecheka sana, na bado anasema mkaidi.

Nikuambie kitu nilichokaa nacho miaka yote. Mwaka ule wa kwanza wa tamasha, nilipopanda jukwaani na kanzu ya Mama, nilikuona. Ulikuwa nyuma kwa wauza kahawa, wewe na shemeji Kåre. Nilipoteremka mlikuwa mmeshaondoka, na tangu hapo ni kadi za Krismasi na simu fupi tu. Baadaye muuza kahawa aliniambia shemeji alikuuliza, "Dada yako anaimba lugha gani?" nawe ukamjibu, "Kifini." Nililia kweli. Siku hizi nikikumbuka nacheka peke yangu, maana Mfini angenisikia angeomba mkalimani. Nakuambia haya ili ujue kwamba hakuna kinyongo huku. Kilishakauka, kama samaki juu ya chanja.

Ombi langu ni jingine sasa, wala halina jukwaa. Njoo sikio la kushoto likiwa bado hai. Nitakuimbia jikoni, mlango umefungwa. Tangu Mama afe hujaisikia yoiki yako, na haifai mtu kuingia kwenye kimya hicho bila kuisikia walau mara moja.

Nakutumia blanketi. Ni sufu nyeupe na kijivu, ya kondoo wetu. Halijaandikwa jina lolote. Jifunike tu.

Mdogo wako,
Henny


Trondheim, 24 Mei 2009

Henny,

Natumai u mzima, na kondoo wamezaa salama. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio umechafuka, na wewe na blanketi lako ndio sababu.

Nilikuwa nimejifunika kwenye kiti, Guro akaingia na mkate. Sikumsikia mlangoni. Akasimama akilitazama blanketi, kisha akapiga magoti akaanza kulipapasa ukingo kama anayetafuta tundu. Nimekuambia anafanya kazi makumbusho. Akasogea nimwone midomo.

"Mama, hili umelipata wapi?"

"Amenitumia mdogo wangu."

"Amelinunua?"

"Amelifuma."

"Mama, hili ni la Wasami wa pwani. Tunalo moja kazini, limefungiwa kwenye kioo. Hawafundishwi watu wa nje. Wanafundishana mama kwa binti." Nikaona inamwingia usoni, polepole, kama mtu anayewashiwa taa chumba kwa chumba.

Nikasema, "Ndiyo."

Nilidhani atalia au atanikumbatia. Alikasirika. Akasema, "Nimekaa miaka ninaandika vibao vya maelezo kuhusu watu hawa. Kumbe ni mimi! Umeniacha niandike kuhusu bibi yangu kama mgeni!" Mengine sikuyasikia, aligeuza uso. Akachukua koti akaondoka, na mkate akauacha mezani. Tangu siku hiyo hajakanyaga hapa. Eirik ameandika maneno mawili kutoka melini: "Nimesikia. Sawa." Sijui sawa hiyo ni ya namna gani.

Kwa hiyo usiningoje Julai. Siwezi kuja huko kusikiliza wimbo wakati mwanangu hasemi nami. Na sikio limeshuka tena.

Sikulaumu. Blanketi lina joto.

Alfhild


Njárga, 7 Juni 2009

Dada yangu,

U hali gani? Unakula? Nakuuliza kwa sababu najua ukiwa na jambo unasahau chakula na kunywa kahawa tu.

Mwache Guro akasirike. Amekasirika kwa kuwa ni chake. Mtu haibiwi kitu kisichokuwa chake. Umemlea wewe, atarudi, na akirudi usijitetee, mpe chakula.

Hapa tunajenga. Vijana wamesimamisha mahema ya soko, upepo ukaangusha mawili, wakayasimamisha tena huku wakitukana kwa lugha mbili. Kitanda cha chumba cha Mama nimekitandika. Sikungojei. Nimekitandika tu.

Henny


Njárga, 5 Julai 2009

Dada,

Hujajibu, na sijui kama ni hasira, ugonjwa au posta. Nimeuliza posta, wanasema wao hawana kosa.

Tamasha linaanza Alhamisi. Ukiwa mzima, niandikie neno moja, hata "sawa" kama ya Eirik.

Henny


Trondheim, 26 Julai 2009

Henny mdogo wangu,

Tumefika salama, baada ya kulala njiani. Umeamkaje? Goti limepona na kusimama kote kule sokoni?

Tulipokuwa pamoja nilishindwa kusema mengi. Watu walikuwa wengi, ngoma zilikuwa zinanipiga kifuani, na wewe ukishika mkono wangu mimi husahau maneno. Kwa hiyo nakuandikia.

Barua yako ya Julai ilinikuta nafunga mzigo. Guro alikuwa amekuja jioni moja, hakusema pole wala hakuniomba nimwambie pole. Nikampa supu ya samaki kama ulivyonielekeza. Akala yote, akafuta sahani kwa mkate, kisha akanisogelea usoni akauliza, "Kwa lugha yenu, mama anaitwaje?" Nikamwambia, "Eadni." Alijaribu kulitamka, akalitamka vibaya sana, nami nikalia. Akasema, "Mimi naendesha gari. Wewe utanionyesha njia." Sikukuandikia kwamba tunakuja, maana nilijua huenda nikageuka njiani. Nilitaka kugeuka mara nyingi. Guro hakunipa funguo.

Pale sokoni nilikuona kabla hujaniona. Ulikuwa umeinama unamfungia mteja blanketi. Guro alinisukuma kidogo mgongoni. Sikuwa nimetamka sentensi nzima ya Kisami tangu tumzike Mama. Nikasema, "Nani amefuma hili?" Ukajibu bila kuinua macho, "Mimi, nani mwingine?" Kisha ukainua macho. Yule mteja maskini aliondoka na blanketi lisilofungwa, na mama wa viatu alinyamaza, nadhani kwa mara ya kwanza maishani.

Uliniuliza twende nyumbani, jikoni, kama ulivyoahidi. Mimi nilisema hapana, hapahapa, kabla ujasiri haujaniisha. Ukaniketisha nyuma ya meza kati ya mafurushi ya sufu, ukaweka kinywa chako kwenye sikio la kushoto.

Sasa nikuambie kweli. Nilisikia mwanzo, ile sehemu ya kupanda. Katikati ilipotea. Niliona mabega yako yakiendelea, nikajua wimbo unakwenda mimi nimeachwa. Nilitaka kukwambia acha. Ndipo ulipoweka paji lako kwenye paji langu, sijui kwa nini ulifanya hivyo, na ikaniingia mfupani. Yote, mpaka mwisho. Na nilipokuwa siisikii nilikuwa naijua, Henny, kwa sababu ni mimi. Mtu hawezi kuachwa nyuma na nafsi yake.

Nashukuru hukuipeleka jukwaani. Usiku Sire aliimba za wengine, nilimtazama koo likitembea, ni binti mzuri. Yangu ibaki kwako na kwa Guro. Yeye alikuwa amesimama pale karibu na meza ya visu, na ameishika yote.

Basi tulipokuwa barabarani tukirudi, tumepita mji wa Mo i Rana, Guro akasimamisha gari, akanigeukia nimwone, akauliza, "Na ya mama mdogo ikoje?" Nikaitafuta kichwani, haipo. Kwetu kila mtu ana yoiki. Mama anayo, Baba anayo, hata yule ng'ombe mwenye pembe moja alikuwa nayo. Wewe huna. Mjomba Hemming alizama mwaka uliozaliwa, na baada yake hakuna aliyekumbuka kukutungia. Umezichunga za watu wote mikono mitupu, na hujawahi kulalamika.

Nilianza palepale, nikipiga goti kwa kiganja. Guro aliendesha polepole, akinishika bega kila nilipopotea. Sauti yangu siisikii, naijua kwa koo tu. Guro anasema inaanza kama mtu anayebishana na mlango, kisha mlango unafunguka na yeye anacheka. Nikamwambia, basi ni mama mdogo huyo.

Ni fupi. Nimeitunga mimi kiziwi, huenda ina makosa. Jumapili baada ya kahawa kaa karibu na simu. Guro atakupigia akuimbie. Mimi nitakuwa mbele yake nikimtazama uso. Ikiwa haifanani nawe, mwambie wazi, nitaanza upya. Ikifanana, usimsifu wala usiseme neno. Imba naye, nami nitakuona usoni mwake.

Dada yako,
Alfhild