Oke Yako ya Jumapili

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Nangara tupo, mahindi yameanza kubeba na babu yako bado anagombana na kuku wa jirani.

Umeuliza kwa nini nakupigia tena wakati umeshanijibu "oke". Hiyo oke ndiyo inayonitia wasiwasi. Fundi wa paa akisema oke, ana maana kesho, na kesho haji. Mama yako akisema oke, ujue amekasirika. Wewe Jumapili nilikuuliza umekula nini huko chuoni Mbeya, ukaandika oke. Tangu hapo hata chai hainishuki.

Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa, kule Sigino, baba yangu alipita kunisalimia.

"Habari za hapa?"

"Nzuri."

"Mume wako?"

"Mzima."

Kwetu mtu hujibu nzuri kwanza, hata kama ana msiba. Baba akaaga, akaenda. Alipofika barabarani akageuka, akarudi, akavuta kigoda.

"Mwanangu, nimeondoka bila chai na hukunizuia. Hiyo nzuri nimeisikia. Sasa nipe habari yenyewe."

Nililia sana. Yaliyokuwepo ni marefu, tuyaache. Ila najua asingerudi, nisingesema.

Mimi miguu yangu haifiki Mbeya, Neema. Simu ikiita mara ya pili, ni mimi nimegeuka barabarani, narudi. Pokea.

Bibi yako