Viatu Vilivuka Kwanza

Dada Rehema, shikamoo.

Bado nasikia "pa!" ya viatu vyangu vikitua ng'ambo. Jana mimi na binamu Kabula tulipanda majabali ya nyuma ya Kolandoto, tukafika penye ufa mpana kuliko hatua yangu. Wachunga mbuzi wa huku hutupa viatu kwanza, ndipo waruke. Nikatupa vyangu, kisha miguu ikagoma.

"Msomi, viatu vimeshafika," Kabula akacheka. "Umebaki wewe tu."

Jiwe lilikuwa linaunguza nyayo. Nikaruka, nikatua kwa magoti, nikacheka mpaka machozi.

Magoti yaliyochubuka yanakusalimu, na mama pia. Ile kazi ya ualimu Kahama niliyokuwa naiogopa, nimeikubali leo asubuhi. Nipakilie nguo zangu kwenye basi la Kahama, zitangulie.

Mdogo wako, Pendo